Mjomba wa Safu ya Nne

Opaline, Mississippi
21 Agosti 2023

Verlene mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Ukituuliza hali, tunapumua, ingawa kwa joto la mwezi huu hata kupumua ni kazi ya kulipwa. Wifi yako Odessa hajambo, ila goti. Binamu Earlene amebadilishwa nyonga na amepewa fimbo, ambayo anaitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Bamia zimekubali mwaka huu. Paa la kanisa bado linavuja upande wa kwaya ya kina mama, na wazee wa kanisa bado wanasema wataliangalia.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu unazijua. Dakika ya tatu mmoja ameshakata, na ya nne mwingine anajuta. Mama alisema jambo zito liandikwe, basi naandika.

Ni kuhusu mpwa wangu. Huku jina la Jamarion linatajwa, Verlene! Juzi nilikuwa kwa kinyozi Cleotis, watu wanabishana kama kawaida juu ya mpira wetu wa Kimarekani, mmoja akasema, "Mwaka jana mrushaji mpira wetu aliangushwa mpaka akavunjwa mbavu. Tunataka ukuta mbele yake. Yule kijana wa Ohio, wa futi sita na inchi sita, huyo ndiye ukuta." Mwingine akadakia, "Si ndiye mtoto wa Verlene Crume aliyehamia Toledo?" Wote wakanigeukia. Cleotis akaacha kichwa cha mtu katikati. "Hosea! Wewe ni mjomba wa yule mtoto, na unakuja hapa kila wiki umenyamaza?"

Simwambii mtoto aje chuo cha Pascoe. Ni wako, utaamua naye. Nasema tu kwamba Nyuki wa Pascoe ni timu ya baba yetu, na siku hizi mambo si ya zamani. Zamani mchezaji wa chuo alivunjika miguu kwa sahani ya chakula na kitanda. Leo sheria inamruhusu kuuza jina lake na sura yake, atangaze biashara, apige picha na watoto, asaini mipira. Wanaochanga ni sisi mashabiki. Hapa kwetu tuna Mfuko wa Mzinga. Bwana Buford Lassiter, yule muuza matrekta, ndiye mwenyekiti. Mimi natoa kidogo changu kila mwezi, na wanaume wa kanisa tulikaanga kambare Jumamosi mbili mfululizo. Fuata nyuki ule asali, mdogo wangu.

Ile shida uliyoninong'oneza mwezi wa sita imefikia wapi? Niandikie.

Kaka yako,
Hosea

Msimu unaanza wiki ijayo. Kiti changu ni kile kile alichoniachia baba, safu ya sitini na moja, nyuma ya nguzo. Mwaka wa thelathini na moja huu natazama nusu ya uwanja na kuhadithiwa nusu ya pili.


Toledo, Ohio
9 Septemba 2023

Kaka Hosea, shikamoo.

Sisi wazima kwa kiasi chake. Shule zimefunguliwa na jikoni kwetu tunapikia watoto mia nne na ishirini, na wote wanataka pitsa. Jamarion anakula mayai saba asubuhi, kisha ananiuliza kuna nini cha kula. Wifi asugue goti kwa mafuta ya kafuri, na Earlene mwambie nimemkumbuka, yeye na fimbo yake.

Umeniuliza ile shida. Daktari anasema figo zimechoka, na huenda kufikia Krismasi nianze kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, siku tatu kwa wiki. Nimekwambia wewe peke yako. Jamarion hajui, na hatakiwi kujua mpaka achague chuo. Alimzika baba yake akiwa na miaka tisa. Akisikia na mama ni mgonjwa, hatachagua chuo, atachagua kitanda changu. Nataka achague kama mtoto mwenye mama mzima. Umenisikia, Kaka? Hili halitoki.

Vyuo vilivyo moyoni mwake ni viwili. Kimoja ni Pascoe, kwa sababu kila kiangazi alikuwa kwako na ulimlisha Nyuki kabla hajaota meno ya pili. Kingine ni Whitlow, saa moja kutoka hapa. Hakina hela, lakini kocha wao wa mstari wa mbele alikuja kwetu, akala, akakunja mikono ya shati na kuosha vyombo. Sijasema neno juu ya chochote kati ya hivyo viwili.

Sasa nijibu. Jumanne nilipigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya sukari, anasema ni mke wa Lassiter, anataka tu kunijulia hali. Alijua siku yangu ya kuzaliwa. Alijua nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nani kampa namba yangu? Na usinijibu kwa simu. Kwenye simu huwa unacheka, na ukicheka siwezi kujua kama unasema kweli.

Wako,
Verlene


Opaline
30 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imenyesha siku tatu na kwaya ya kina mama imehamia upande wa wanaume, kwa hiyo sasa tunasikia kila kosa. Goti limekubali kafuri.

Namba yako iko kwenye kitabu cha kanisa, Verlene, mwenye macho anaisoma. Mbona unaona majambazi kila kichakani? Acha nikueleze kazi inavyokwenda. Kwa sheria, Mfuko hauruhusiwi kumwahidi mtoto chochote kabla hajasaini na chuo. Kwa hiyo hawazungumzi naye. Wanazungumza na sisi ndugu, kirafiki. Mtu anakaa nawe, anakumiminia chai ya barafu, anasema, "Mjomba, mwaka jana kijana mwenye kimo kama hicho alipata gari na nyumba ya kukaa." Hiyo si ahadi. Hiyo ni historia.

Ndiyo, walinialika kwao kula mbavu. Odessa hakuja kwa sababu ya goti. Ni watu wa heshima. Kule mjini siku hizi hawaniiti Hosea, wananiita Mjomba, hata watu wazima wenye mvi kunishinda.

Kuhusu lile jambo lako, mdomo wangu umeshonwa. Ila kama mkubwa wako nitakushauri: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mtoto.

Hosea


Toledo
16 Oktoba 2023

Kaka, shikamoo.

Huku majani yamegeuka rangi na mimi nimebadilishiwa dawa, hii mpya inanipa kichefuchefu nikinusa jibini, na jikoni kwetu kila kitu kina jibini. Jamarion amepata alama nzuri za hesabu na mbaya za historia. Nilimwambia aende akamwone mjomba wake, anajua historia nyingi.

Jumamosi tulikaa kutazama mechi yenu. Robo ya tatu mrushaji akaangushwa tena, kamera ikaonyesha benchi la wachezaji. Nyuma ya benchi, safu ya nne, palikuwa na mzee amesimama na koti la manjano la baba yetu, lenye kiraka cha kijani kwenye kiwiko. Jamarion aliruka. "Mama! Mjomba! Mjomba yuko chini!" Alifurahi sana yule mtoto. Mimi niliweka sahani mezani na sikula tena.

Kaka, baba yetu ni mmoja. Najua uwanja wa Pascoe kiti cha chini hakinunuliwi dirishani. Kinangojewa. Mtu anashuka safu kwa safu, kwa miaka na kwa michango, na aliyefika safu ya nne hutoka pale kwa jeneza tu, kisha kiti anakipata mwanawe. Baba alianza safu ya sabini, akafa safu ya sitini na moja. Wewe ulirithi hapo na hukusogea hata hatua. Sasa umeshuka safu hamsini na saba ndani ya mwezi mmoja. Mkono mtupu haulambwi. Umewapa nini?

Sikuulizi kwa ubaya. La, nasema uongo. Nakuuliza kwa ubaya.

Tarehe 28 tumealikwa kutembelea chuo. Utanijibu uso kwa uso.

Verlene


Opaline
23 Oktoba 2023

Verlene,

Kwa haraka, maana posta inafungwa. Kile kiti ni cha Bwana Eustace Pruitt. Amelazwa, maskini, mapafu. Akasema, "Hosea, nenda kanikalie." Basi. Ndiyo hivyo tu, na umeshaandika kesi nzima.

Jumamosi nitawangoja getini. Odessa anaoka pai ya viazi vitamu.

Hosea


Toledo
2 Novemba 2023

Hosea,

Sikuandika shikamoo, na sijasahau.

Hatukukuona getini. Tulipita nyumbani, Wifi akatoka na pai mikononi, anasema una homa, umelala, usiamshwe. Pikapu yako haikuwepo uani. Wifi hajui kudanganya. Aliitazama pai muda wote.

Bwana Eustace Pruitt nilimwona. Alijitambulisha mwenyewe, akanivutia kiti, akanimiminia chai ya barafu, na akacheka kwa nguvu za mapafu mazima kabisa.

Nikueleze lililotokea baada ya hapo, kwa sababu ni lako. Tulikuwa chini ya hema la chakula, mimi, Jamarion, Lassiter na mkewe. Walikuwa hawazungumzi na Jamarion, kama ulivyonieleza, walizungumza na mimi huku yeye amekaa katikati yetu. Bi Lassiter akaniwekea mkono hapa juu ya kifundo cha mkono. Akasema, "Mama Jamarion, wala usijitie wasiwasi. Kliniki ya figo iko dakika kumi tu kutoka ile nyumba ambayo mngekaa. Mashine mpya, foleni hakuna. Tumeshaulizia."

Jamarion alikuwa na ubavu mkononi. Akauweka chini.

"Figo ya nani?"

Bwana Lassiter akaanza kusifia hali ya hewa.

"Mama. Figo ya nani?"

Ndivyo mwanangu alivyojua. Hakujua kutoka kwangu, wala kwa daktari. Alijua kutoka kwa mke wa muuza matrekta, mtoto mdomo una mchuzi. Kwenye ndege alitazama dirisha. Tulipobadilisha ndege Atlanta akaniuliza, "Mjomba alijua?" Nikasema alijua. Akasema, "Mjomba alijua. Yule mama alijua. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri ni nguo yetu. Nilikuwa na ndugu mmoja na siri moja.

Usinipigie. Usimpigie Jamarion pia.

Verlene


Opaline
27 Novemba 2023

Mdogo wangu Verlene,

Sikukuu ya Shukrani ilipita. Odessa alipika bata mzinga mdogo, tukala wawili. Earlene alikuja kuchukua sahani yake, akaninyooshea fimbo kifuani, akaondoka. Kwa hiyo hata yeye anajua.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara nilijikuta ninajitetea, nikaichana. Leo nitaandika tu.

Siku ile sikuwa na homa. Nilikuwa kwenye maegesho ya kanisa, nimekaa ndani ya pikapu, nasikiliza mechi redioni. Nilijua ukiniona usoni utajua.

Nilisema siri yako siku ya zile mbavu. Hakuna aliyenikaba. Bwana Lassiter alisogeza kiti akasema, "Mjomba, tusaidie. Mama yake anahitaji nini ili awe na amani?" Verlene, nimetengeneza mabasi ya shule miaka arobaini. Mengi yalikuwa yakipita mbele ya duka la yule mtu. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa aina yake aliyewahi kuniuliza jambo na kukaa kimya kungoja jibu langu. Nilipenda kuulizwa. Hilo ndilo lililonimaliza, wala si hela. Nilisema yote, figo, mashine, Krismasi, na nilisema vizuri, mkewe akatoa leso.

Kiti kilikuja wiki iliyofuata ndani ya bahasha, pamoja na ile hadithi ya mapafu ya Pruitt. Sikukiomba. Lakini sikukirudisha. Na nikwambie la aibu zaidi, kutoka kule chini unasikia mabega yakigongana, unasikia wachezaji wakiitana majina. Nilikaa mechi nzima sikukukumbuka hata mara moja.

Nilitaka pia uje huku, uwe karibu yetu, upate kliniki. Usiseme hilo halikuwepo. Lilikuwepo. Ila sijui lilikuwa la kwanza au la pili, na nimejiuliza sana.

Nisamehe ukiweza.

Hosea


Toledo
14 Desemba 2023

Kaka Hosea,

Sijaweza. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo la mtoto, na baba yake hayupo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilianza mashine. Saa nne nzima umekaa, damu inatoka na kurudi, jirani yangu anakoroma. Jamarion alinipeleka, akafanyia kazi zake za shule kwenye kiti cha plastiki, magoti yamegusa kidevu.

Tarehe 20 ni siku ya kusaini. Shuleni kwao wameshaandaa meza ukumbini, na kofia za vyuo zitawekwa mbele ya kila mtoto, achague moja avae watu wapige makofi. Jumapili Jamarion aliniambia amechagua. Pascoe. Karatasi za chuo zimekuja, na kwa umri wake hazifai kitu bila sahihi yangu. Ziko juu ya friji.

Nilimuuliza, "Kama ningekuwa mzima, ungechagua wapi?"

Akasema, "Na mimi nikuulize. Ungeniambia lini?"

Tukamalizia kukunja nguo.

Kwa hiyo sijui. Huenda anaipenda Pascoe kama alivyoipenda tangu mdogo. Huenda anaitaka ile nyumba na ile kliniki kwa ajili yangu. Nikimtazama usoni siwezi kutofautisha, na huo ndio ubaya mlionifanyia wewe na mbavu zako. Siwezi kusaini kitu kilichochaguliwa na figo zangu. Mpaka nijue ni yeye anayechagua, kalamu hainyanyuki.

Verlene


Opaline
9 Januari 2024

Verlene,

Heri ya mwaka mpya, wewe na Jamarion. Odessa anawaombea kwa majina. Paa la kanisa hatimaye limeezekwa, baada ya kumdondokea Mchungaji mwenyewe.

Tarehe 20 tulikuwa wote kwa Cleotis, televisheni imewashwa, majina ya waliosaini yanapita. Lake halikupita. Kufikia saa sita mchana nafasi yake akapewa kijana wa Georgia. Cleotis akazima televisheni akasema, "Nani anafuata?" Ilikuwa zamu yangu, lakini akaitwa mwingine.

Jioni Bi Lassiter alinipigia, sauti ile ile. Anasema habari njema, Bwana Pruitt amepona na anahitaji kiti chake. Nikasema tumshukuru Mungu. Sasa nimerudi nyuma ya nguzo, na hakuna anayeniita Mjomba ila watoto wa Earlene. Hiyo ni haki yangu, silii.

Lakini nina neno, na nitalisema kwa sababu sina tena cha kupoteza kwako. Mtoto alisema Pascoe. Alisema kwa mdomo wake. Wewe ukasema hapana, mpaka uujue moyo wake. Nani aliwahi kuujua moyo wa mtu wa miaka kumi na saba? Hata wewe wa kwako hukuujua, ulitoroka Opaline na mpiga ngoma wa bendi ya shule, tukaja kumpenda baadaye. Ulijua karatasi zina siku. Ulijua zikikaa juu ya friji mpaka siku ipite, zimejijibu zenyewe.

Mimi nilimuuza mpwa wangu kwa kiti. Haya, nimekubali. Nimeandika kwa mkono wangu. Na wewe? Pengine uliogopa kubaki peke yako na ile mashine. Sikulaumu kwa hilo, mimi ningeogopa. Ila usiniambie yote yalikuwa kwa ajili yake.

Kaka yako, upende usipende,
Hosea


Toledo
11 Februari 2024

Kaka Hosea, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara nne na kuitupa mara mbili. Mara ya pili niliitoa kwenye taka ikiwa na maganda ya mayai.

Kwanza ya nyumbani. Theluji imefika madirishani. Jikoni wamenipunguzia siku, nafanya Jumanne na Alhamisi tu. Mashine nimeizoea, na yule jirani anayekoroma anaitwa Bwana Kowalczyk, alikuwa mwokaji mikate, ananiletea maandazi ambayo sote wawili tumekatazwa kula.

Jumatano Jamarion alisaini na Whitlow. Waliweka meza pale pale ukumbini, lakini kofia ilikuwa moja tu. Akaivaa, ikambana, watu wakapiga makofi. Kocha yule mwosha vyombo alilia waziwazi. Hakuna mfuko, hakuna nyumba wala gari. Atalala bwenini na atakuja kunipeleka kliniki siku tatu kwa wiki, saa moja kuja, saa moja kurudi, na katikati acheze mpira na asome. Niliposogezewa karatasi nilisaini kabla mwalimu hajamaliza kunionyesha pa kusaini. Sikuisoma hata mstari.

Sasa neno lako. Nilitaka kukujibu kwamba umekosa adabu. Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima hivyo. Nimeuchana.

Usiku wa tarehe 19 Desemba, Jamarion aliingia jikoni. Siku ya kusaini ilikuwa kesho yake. Nafasi yake Pascoe ilikuwa bado ipo, kocha wao alikuwa amepiga simu jioni ile ile. Karatasi zilikuwa juu ya friji, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa naandika orodha ya sokoni. Alisimama mlangoni akaujaza wote. Akasema, "Basi, Mama. Nitabaki."

Nilijua kwa jinsi alivyosema. Mimi ndiye niliyemzaa, nilijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini kwa sababu mikono imechoka, si kwa sababu amefika. Ningeweza kusema, "Hapana, mwanangu, leta hizo karatasi." Ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono. Nikasema, "Kama ndivyo unavyotaka." Yeye akaenda kulala.

Nikageukia jiko ili mtu asinione, ingawa hapakuwa na mtu. Nilifurahi, Kaka. Miezi yote ile nilikuwa nakushuku wewe, namshuku Lassiter, namshuku mkewe na chai yake ya barafu, na nilikuwa sawa kuwashuku. Ila kuna mtu mmoja sikumshuku hata siku moja.

Jamarion hajui. Anadhani nilikuwa nazuia ili awe huru. Juzi kwenye gari alinishukuru. Aliniambia, "Mama, wewe peke yako ndiye hukunisukuma popote." Nikatazama barabara.

Hii ni siri ya pili nakupa. Si kwamba nimekusamehe, bado niko njiani. Nimekupa kwa sababu wewe peke yako duniani ndiye ninayeweza kumwambia kwamba nimefanya ulichofanya wewe.

Safari hii, Kaka, kaa nayo.

Mdogo wako,
Verlene